Musenji na Labrador: historia ya mbwa wawili wa uwindaji

Hapa Kolwezi, mtu akiitwa "musenji" hasahau. Ni tusi la zamani. Aliyefika juzi kutoka mugini amelisikia, asiyejua Kifaransa amelisikia, na mtoto anayekula bila kunawa mikono analisikia kwa mama yake. Lakini wakaaji wengi wa mji hawajui kwamba neno hilohilo, kwa wingi wake, limeandikwa katika vitabu vya mbwa vya London na New York kama jina la heshima. Mbwa wa Kongo anayejulikana kuliko wote duniani anaitwa Basenji.

Wakati huohuo, mkaaji wa Kolwezi mwenye bunduki ya kaliba 12 na kibali cha kuwinda, akitaka mbwa wa kumsaidia kuokota kanga na bata wa porini, mara nyingi haangalii mbwa wa kijijini. Anauliza wapi atapata Labrador. Swali hilo si baya, maana Labrador ni mbwa wa bunduki kwelikweli. Ila kabla ya kutoa dola, inafaa kujua kila mbwa alitoka wapi, alifanywa kwa kazi gani, na kwa nini mmoja alipewa jina la mabwana na mwingine jina la matusi.

Neno lilivyofika

Neno lilitoka pwani ya Bahari ya Hindi. Huko "mshenzi" alikuwa mtu wa bara, asiyejua desturi za mji wala dini ya watu wa pwani. Misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19 ililibeba hadi ndani ya bara. Kiswahili kilifika pamoja na wafanyabiashara hata Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, ambao leo uko katika jimbo la Lualaba.

Wabelgiji walipoanza kutawala walilikuta neno tayari, nao wakalitumia. Katika Kongo ya Wabelgiji, musenji alikuwa mtu wa kijijini ambaye mkubwa wa serikali alimwona hajastaarabika. Upande wa pili walikuwa "évolués", watu waliohesabiwa kuwa wameendelea. Mwaka 1948 serikali ilianza kuwapa hao kadi ya sifa ya uraia. Mwaka 1952 ikaweka utaratibu mwingine, wa kuwaandikisha wachache karibu na haki za Wazungu. Mwenye kuomba alichunguzwa hadi nyumbani kwake: anakula vipi, analala wapi, mke wake anaishi namna gani.

Kolwezi ilikuwa ikikua katika miaka hiyohiyo, kambi baada ya kambi, chini ya Union Minière du Haut-Katanga. Aliyekuwa kambini alikuwa na namba ya kazi, posho ya unga na nyumba ya matofali. Aliyebaki kijijini aliitwa musenji. Mbwa naye alifuata mwenyewe. Mbwa mdogo wa rangi ya udongo, mwenye masikio yaliyosimama, akawa "imbwa ya basenji", yaani mbwa wa watu wa porini. Wazungu waliosikia maneno hayo walikata kipande cha mwisho wakadhani ni jina la aina ya mbwa. Ndivyo tusi lilivyovuka bahari.

Wawindaji wa Lualaba

Watu walioitwa hivyo walikuwa na elimu ya uwindaji ya kale sana. Masimulizi ya ufalme wa Walunda yanaanza na mwindaji. Chibinda Ilunga, mwana wa mfalme kutoka kwa Waluba, alifika katika nchi ya Walunda akiwinda, akamwoa malkia Rweej, na kutoka kwa nyumba yao wakatoka wafalme wanaoitwa Mwant Yav. Mji wao mkuu, Musumba, uko Kapanga, kaskazini mwa jimbo la Lualaba. Katika masimulizi, upinde wake ndio uliomletea sifa. Lakini mafundi wa Kichokwe wa karne ya 19 walipomchonga katika mti, mara nyingi walimpa bunduki mkononi, maana siku hizo Wachokwe wenyewe walikuwa wamekwisha kujizoeza kuwinda tembo kwa bunduki zilizofika kutoka pwani ya Angola.

Bunduki haikufuta uwindaji wa zamani. Vyote viwili vilisimama kando kwa kando. Mwanazuoni Victor Turner, aliyekaa kwa Walunda-Ndembu wa Mwinilunga upande wa Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuta vyama viwili vya ibada ya wawindaji. Wubinda kilikuwa cha uwindaji wa zamani. Wuyang'a kilikuwa cha wenye bunduki, nacho kilikuja baadaye pamoja na biashara ya bunduki kutoka magharibi. Kila kimoja kilikuwa na mafunzo yake.

Tofauti hiyo inagusa mbwa moja kwa moja. Mwenye bunduki ya kienyeji, ile inayoitwa pupu, ana risasi moja tu, na kuijaza tena kunachukua muda. Anahitaji kunyemelea. Mbwa anayekimbia mbele anamharibia kazi. Mwenye mkuki, upinde au wavu anahitaji kinyume chake: mnyama atolewe kichakani, akimbizwe, aelekezwe mahali watu wanapongoja. Hapo mbwa ni nusu ya uwindaji. Kwa hiyo mbwa wa kijijini alichaguliwa, kizazi baada ya kizazi, kwa pua, macho, wepesi na ujasiri wa kuingia kwenye majani marefu. Kumfundisha kukaa kando ya bwana wake akingoja mlio wa bunduki hakukuwa na maana.

Mbwa asiyebweka

Katika misitu ya Ituri na Uele, wawindaji waliongeza jambo moja. Mbwa wao habweki. Si bubu: analia, ananguruma, na akifurahi anatoa sauti kama ya mtu anayeimba. Ila ule mlio wa "wau, wau" mfululizo hana. Ili mwindaji ajue mbwa yuko wapi, alimfunga kengele ya mti shingoni. Kengele ikilia haraka, mbwa anakimbiza. Ikinyamaza, amefika. Kengele za namna hiyo zilichongwa pia Kongo ya Chini, na nyingine nzuri sana leo zimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya.

Waingereza walimwona mbwa huyo mara ya kwanza katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, mwaka 1895. Wawili waliopelekwa hawakukaa. Walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa wa Ulaya ambao miili yao haikuujua. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alichukua sita kutoka Sudan ya kusini akawapeleka Uingereza. Nao walikufa, baada ya kuchanjwa chanjo ya distempa iliyokuwa bado changa. Katika miaka ya 1930 Olivia Burn, mwanamke Mwingereza, alipata wengine kutoka Kongo ya Wabelgiji, na mwaka 1937 akawaonyesha Crufts. Safari hii watu walijazana kumtazama mbwa asiyebweka. Mwaka 1939 chama cha Basenji kilianzishwa Uingereza.

Jina likabaki. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, kadi za "évolués" zikapoteza maana, lakini tusi lilikuwa limekwisha kuandikwa katika vitabu vya mbwa vya ng'ambo, na limo hadi leo.

Mbwa wa bunduki

Labrador naye ana jina lenye kosa. Hakutoka Labrador. Alitoka kisiwa cha jirani, Newfoundland, ambako wavuvi walikuwa na mbwa mweusi wa maji aliyeitwa mbwa wa St. John's. Kazi yake ilikuwa kuvuta kamba za nyavu na kuokota samaki walioanguka katika maji ya baridi kali. Naye alikuwa mbwa wa maskini.

Meli za samaki zilimfikisha Poole, bandari ya kusini ya Uingereza. Huko, mwanzoni mwa karne ya 19, Earl wa Malmesbury alimwona akaanza kumtumia kuokota bata aliowapiga katika maji ya mashamba yake. Katika miaka ya 1880 mbwa wa ukoo huo walipewa Duke wa Buccleuch wa Scotland, na Labrador wengi wa leo wana damu ya mbwa hao. Mwaka 1903 Kennel Club ya Uingereza ilimtambua rasmi kama aina yake peke yake.

Jambo lililomfanya Labrador awe Labrador lilikuwa bunduki mpya. Katikati ya karne ya 19 zilikuja bunduki zinazojazwa kwa nyuma, zinazopiga haraka. Matajiri walisimama mstari mmoja, watumishi wakafukuza ndege kuelekea kwao, na ndege wengi wakaanguka kwa siku moja. Hawakuhitaji mbwa wa kutafuta mnyama. Walihitaji mbwa wa kukaa kimya, kutazama kila ndege anapoanguka, kukumbuka mahali, kungoja amri, kisha kwenda kumleta bila kumtafuna. Ndiyo sababu wafugaji wanasifu mdomo laini wa Labrador, manyoya yake mazito ya tabaka mbili yanayozuia maji, na mkia wake mnene kama wa fisi maji, unaomsaidia kugeuka ndani ya maji.

Kwa hiyo mbwa hawa wawili hawashindani. Mmoja anatafuta windo kabla halijauawa. Mwingine anaokota windo likiisha kuanguka.

Kilichomngoja Lualaba

Basenji aliuawa na ugonjwa wa Ulaya. Mbwa wa Ulaya wakija huku walikuta magonjwa yao pia. Mwaka 1904 daktari Broden, akiwa Léopoldville, ndiye aliyeeleza kidudu cha damu kinachoitwa hadi leo Trypanosoma congolense, jina linalotokana na nchi hii. Kinabebwa na mbung'o, kinaua ng'ombe, na mbwa pia. Kati ya 1910 na 1912, ujumbe wa madaktari na wataalamu wa Kibelgiji ulizunguka Katanga kuchunguza malale na mbung'o. Mbwa akipata ugonjwa huo anakonda, ana homa, na mara nyingine macho yake yanafunikwa na weupe kama ukungu. Kupe nao wana ugonjwa wao, unaojulikana kwa ufizi mweupe na mkojo mwekundu kama chai nzito. Mbwa wa kijijini pia wanakufa, hasa wakiwa wadogo. Lakini wanaofika utu uzima ni watoto wa waliopona, tangu mababu wengi. Labrador aliyeletwa kwa ndege hana urithi huo.

Kuna na joto. Manyoya yaliyofanywa kwa maji ya barafu ni mzigo mwishoni mwa kiangazi, wakati ardhi ya Kolwezi imekauka na mvua bado haijaanza. Kuna na chakula. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro ya urithi inayomfanya asisikie kushiba vizuri. Mbwa wa namna hiyo, akifungwa uani na kulishwa mabaki ya bukari kila jioni, ananenepa, na mbwa mnene katika joto hafanyi kazi.

Mahali panapomfaa Labrador hapa ni kando ya maji: ziwa la Nzilo, lililotokea Wabelgiji walipoziba mto Lualaba katika miaka ya 1950 ili kupata umeme, na madimbwi yenye majani yanayofuata mto. Ndege wakianguka majini, Labrador anawaleta, kazi ambayo mbwa wa kijijini huikataa. Ila mto una mamba, na Labrador hakufundishwa na mababu zake kuwaogopa.

Namna ya kuchagua

Historia hiyo inampa mnunuzi maswali ya kuuliza, kwa utaratibu wake.

La kwanza ni kazi. Anayewinda ndege kwa kaliba 12, hasa karibu na maji, ana sababu ya kutafuta Labrador. Anayetaka mbwa wa kutoa sungura kichakani hana sababu hiyo. Anayetaka mlinzi wa nyumba amekosea mlango kabisa, maana Labrador mwenye tabia njema anamkaribisha mwizi.

La pili ni wazazi. Kuna Labrador wa maonyesho, wazito, wenye kifua kipana. Kuna wa kazi, wembamba na wepesi zaidi. Wote wana jina moja. Mwenye kuuza aonyeshe mama akifanya kazi: anaketi akiamriwa, anatulia mlio unapotoka, analeta kitu bila kukitafuna. Picha katika simu haitoshi.

La tatu ni afya ya wazazi. Labrador ana shida ya urithi ya viungo vya nyonga na vya kiwiko, inayoonekana kwa picha ya eksirei baada ya mbwa kutimiza mwaka mmoja. Kuna ugonjwa wa macho unaopofusha polepole. Kuna na kasoro inayomwangusha mbwa miguu baada ya dakika chache za kukimbia kwa nguvu, na kipimo cha damu kinaweza kuionyesha. Muuzaji asiye na karatasi yoyote ya vipimo hivyo anauza rangi tu.

La nne ni mtoto mwenyewe. Asitoke kwa mama kabla ya wiki 7 au 8. Kitu kikirushwa, akifuate kwa macho na kukirudisha kwa mchezo. Sufuria ikianguka, ashtuke kisha arudi kuichungulia. Anayekimbilia uvunguni na kubaki huko hatapenda bunduki. Na hata aliye jasiri asipelekwe mara moja karibu na mlio. Aanze kuusikia kwa mbali, wakati anakula au anacheza, kisha karibu kidogo kidogo, kwa miezi.

La tano ni maisha ya huku. Chanjo ya distempa na ya kichaa cha mbwa, dawa ya kupe kila mwezi, kivuli, maji safi, na kazi alfajiri kabla ya jua kali. Anayeishi mbali na daktari wa mifugo ahesabu safari hiyo ndani ya bei ya mbwa.

La sita ni sheria. Uwindaji nchini unaongozwa na sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na bila kibali hakuna mbwa anayemhalalisha mtu. Katika hifadhi za Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, na Kundelungu, ya mwaka 1970, kuwinda kumekatazwa. Na pori la karibu na Kolwezi limepungua. Mahali ambapo babu aliwinda kwa mguu, mjukuu anakuta uzio wa mgodi. Mtu asinunue mbwa wa kuokota ndege mahali ambapo ndege wamekwisha.

Waliorudi kutafuta

Mbwa wa St. John's, mama wa Labrador, hayuko tena. Newfoundland iliweka masharti na kodi juu ya mbwa ili kulinda kondoo, Uingereza ikafunga njia ya kuwaingiza kwa kuogopa kichaa cha mbwa, na ukoo ukaisha polepole. Wa mwisho waliojulikana walikuwa madume wawili wazee, katika miaka ya 1980. Labrador akipatwa na shida ya damu, hakuna kwa kurudi.

Basenji wa ng'ambo walipatwa na shida hiyo. Walikuwa wametoka kwa mababu wachache mno, na magonjwa ya urithi ya figo na ya damu yakaenea kati yao. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walisafiri hadi kaskazini mwa Zaire, wakaenda kijiji kwa kijiji kuwaomba wawindaji watoto wa mbwa. Mwaka 1990 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kilifungua vitabu vyake na kuwaandikisha mbwa hao wapya. Watu walioitwa basenji ndio waliotoa dawa ya mbwa walioitwa Basenji.

Mbwa wa kijijini wa Lualaba hawana vitabu, na hakuna aliyewaandika mmoja mmoja. Bado wapo Dilolo, Sandoa, Kapanga na kando ya barabara ya Lubudi, wamelala kwenye majivu ya moto wa jana, masikio yamesimama. Wengi wao hawajapata hata chanjo moja ya kichaa.